Wodi ya Wazazi ya Vipepeo

Nimeketi kando ya mlango na jembe mapajani, najiambia nipumzike kidogo tu, maana mke wangu Wakesho ametoa amri: mama yake anafika leo, na yale magugu yangu yawe yameng'oka. Anayaita magugu. Mimi nimeyapanda kwa mkono wangu, mimea ya porini yenye utomvu mweupe, kwa sababu vipepeo wa rangi ya chungwa wanaopita huku kwetu hutaga juu yake, na viwavi wao hawataki chakula kingine. Lakini mkwe akija ua uwe mweupe, umefagiwa, la sivyo kwao watasema binti yao ameolewa na mvivu. Kope zinakutana, na papo hapo barabara inaanzia kwenye mpini wa jembe. Naifuata, inajikunja, inanirudisha, inanifikisha mji ambao kila nyumba ni yangu, kila ua unang'aa kwa kufagiwa, na kwenye kila mlango nimesimama mimi na jembe nikiwaambia vipepeo hapa hakuna nafasi, jaribuni kwa jirani, na jirani ni mimi. Wamechoka, wamebeba vifurushi. Mmoja mjamzito ananiuliza wodi ya wazazi iko wapi. Naona aibu mpaka masikio yanawaka moto.

Mbele yangu anatembea kiongozi asiye na uso, namjua kwa raba zake za bluu. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, na tangu nioe namjua mama huyu kuanzia magoti kushuka. Namuuliza tunakwenda wapi. Anajibu kwa kitendawili: anakula nyumba yake, analala ndani ya shuka, anaamka na mbawa, nani huyo? Nakaribia kumtaja mwanawe Mwandoe, ila yule hana mbawa. Nasema ni kiwavi, mama. Anasema, basi mbona unambomolea?

Naamka. Jembe lipo, magugu yapo, viwavi wanatafuna bila wasiwasi. Na mbele yangu zimesimama raba za bluu. Sauti inauliza taratibu, mwanangu, wodi ya wazazi bado iko wazi?

Nikiinua macho nikakuta uso, nimeamka, na nimemvunjia mkwe heshima. Nisipokuta uso, bado naota. Nalisukuma jembe nyuma yangu kwa kisigino, naziambia raba, iko wazi, mama, ila vitanda vimejaa.