Kumpigia Goti Nyemo

Nalala sakafuni mwa ukumbi wa mazoezi, mchana, njuga zikiwa bado miguuni, na usingizi unanichukua kabla wenzangu hawajamaliza chai. Kesho tunaonyesha mchezo wetu wa ngoma, shujaa anashuka kuzimu kumfuata dada yake, na shujaa ni mimi. Dada nimempoteza kweli. Nyemo, aliyenipigia muheme tangu nikiwa mdogo, ngoma kaibana katikati ya mapaja kama wanawake wa kwetu Ugogo, tulimzika masika yaliyopita. Najigeuza, sakafu inakuwa barabara. Inakwenda, inajipinda, inaingia mji ambao nyumba zake ni vioo, na katika kila kioo niko mimi, nimechelewa hatua moja. Mbali naisikia muheme. Mtu asiye na uso anatembea kando yangu. Namuuliza, dada yangu yuko wapi? Ananijibu, ukicheza anakuja, ukiacha anapumzika. Bwana we, namwambia, nimeuliza njia, sikuuliza kitendawili. Hacheki, hana pa kuchekea. Basi nacheza. Nacheza, miji inapita na kurudi ileile, na kila nikikanyaga, sauti ya ngoma inasogea karibu, inasogea, mpaka namwona Nyemo ameketi njiani, amekonda, viganja vinavuja damu, anapiga. Namkimbilia kwa furaha. Twende nyumbani, dada. Mdogo wangu, anasema, nitainukaje na wewe hujapiga goti?

Katika kikundi chetu mpiga ngoma hanyamazi mpaka mchezaji apige goti mbele yake, ndiyo heshima yetu, na tangu mazishi mimi sijapiga goti hata mazoezini. Nacheza tu mpaka wenzangu wanaona haya kuniangalia. Nikipiga goti, tutarudi wote? namuuliza. Nikinyamaza nimenyamaza, anasema. Basi sipigi. Katika mchezo wetu shujaa hurudi na dada yake, kila tukicheza hurudi naye, wenzangu wakapiga vigelegele. Nazidi kucheza, naye anazidi kupiga, damu inarukia ngozi ya ngoma, na barabara haina mwisho, na mimi sina huruma. Tafadhali, anasema Nyemo, ambaye maisha yake yote hakuniomba kitu. Napiga goti. Mikono yake inatulia mapajani, anafumba macho, anashusha pumzi ndefu. Kisha kimya.

Nafumbua macho. Niko ukumbini, goti sakafuni, jasho linanitiririka, na wenzangu wamenizunguka. Mwalimu Lubeleje ananishika bega. Hatimaye umepiga goti, anasema, umemchosha sana dada yako leo. Yuko wapi? namuuliza. Ametoka kunawa mikono, anasema, anarudi sasa hivi. Nataka kumwamini. Lakini nilikuwepo tulipomzika, udongo niliutupa kwa mkono huu. Muheme iko mbele yangu, hakuna aliyeishika. Mlango uko wazi, nje kuna jua, na hakuna anayeingia. Nakaa hapohapo chini, nasubiri, nikiogopa kwamba hatakuja, na nikiogopa zaidi kwamba akija nitataka kucheza tena.