Kibuyu cha Liwali Kiboko

Himaya ya Mito Mitano ilikuwa na utaratibu wake, na kwa mbali utaratibu huo ulipendeza sana. Juu mlimani kulikuwa na Bwawa Kuu, makao ya Mfalme. Kutoka bwawani iliteremka mito mitano, kila mto ukinywesha jimbo lake, na kila jimbo lilikuwa na liwali. Liwali aliulinda mto, wakazi wakamlisha liwali. Mfalme alikaa juu na kuangalia, au walau ilisemekana anaangalia.

Mfalme alipokufa, mrithi alitafutwa miongoni mwa maliwali. Hapo ndipo wahenga wa himaya walipoonyesha akili. Walijua kwamba liwali anayetaka kiti atajisifu, na wapambe wake watamsifu zaidi. Kwa hiyo waliweka sheria: mgombea asipimwe kwa maneno, apimwe kwa kibuyu kimoja cha maji ya mto aliokuwa akiutunza. Kibuyu kiletwe na mkazi, akiwa amechaguliwa na wakazi wenzake. Baraza linywe. Maji yakiwa mazuri, liwali apande mlimani. Yakiwa mabaya, arudi jimboni kwake akayasafishe.

Ilikuwa sheria nzuri. Nasema ilikuwa, kwa sababu zamani sana mwenyekiti mmoja wa baraza aliugua tumbo siku ya kupima, akalowesha midomo tu na kutamka, "Tamu." Wajumbe wengine walidhani hiyo ndiyo adabu. Watoto wao wakaiga, na wajukuu wakaikuza zaidi. Ikafika mahali mjumbe anayemeza maji ya kibuyu anatazamwa kama mtu wa shida, aliyetoka kwenye ukame na kiu yake. Waheshimiwa wakawa wanalowesha midomo, wanasema tamu, wanapitisha kibuyu kwa jirani.

Sasa Mfalme Nyati alikufa kwa uzee, na Kiboko, liwali wa Mikindu, akatangaza kwamba ameitika wito wa wananchi. Hakuna mwananchi aliyekumbuka kumwita.

Mikindu ni jimbo la kusini. Kiboko alipofika huko mara ya kwanza, maji yalikuwa meupe kiasi cha kuhesabu kokoto chini. Aliulizwa ofisi yake ijengwe wapi, akachagua dimbwi la kunywea, akasema kiongozi sharti awe karibu na watu wake. Akaingia dimbwini na hakutoka tena. Alilala humo, alikula humo, na mengine yote ambayo kiboko huyafanya majini aliyafanya humo humo. Kwa upande wa maendeleo, alijenga lango la mawe pale kivukoni, refu, lililopakwa chokaa. Halikuzuia kitu wala kufungua kitu. Wageni walilipenda.

Kanga aliishi upande wa pili wa lango hilo. Alikuwa ametotoa vifaranga wengi msimu ule, akawazika mmoja mmoja chini ya vichaka vya mikindu, matumbo yakiwa yamevimba. Kwa wa kwanza alilia hadi sauti ikakauka. Kwa waliofuata alichimba, akafukia, akaenda kutafuta mbegu. Alikuwa amebakiwa na mmoja, Kitone, mwenye miguu myembamba na kikohozi.

Wakazi walikutana mbele ya shimo la Ngiri kuchagua mbeba kibuyu.

"Jamani, tusizungushane," alisema Ngiri. "Maji yetu tunayajua. Tukipeleka haya, baraza litamkataa. Litamrudisha wapi? Hapa hapa."

"Tena atarudi na hasira," alisema Swala.

"Basi tupeleke ya mvua, yale yaliyotuama juu ya mwamba. Wayasifu, wamchukue, na sisi tupumue."

Kanga aliuliza, "Na akishafika Bwawa Kuu? Si ndiko mto wetu unakoanzia?"

Ngiri akakuna shavu kwa mguu.

"Huko juu ni mbali, dada. Uchafu utakuwa umeshatulia njiani."

Hakuna aliyeamini, na Ngiri mwenyewe hakuamini. Lakini yalikuwa maneno ya kuwawezesha kwenda kulala, nao walikuwa wamechoka. Wakamchagua Kanga abebe kibuyu, kwa sababu, walisema, sura yake ina huzuni na inaaminika. Kanga hakukataa. Alimtazama Kitone aliyekuwa akikohoa pembeni, akawaza kitu kimoja tu: yule mnyama atoke dimbwini. Akapanda mwambani akateka.

Baraza lilikutana ufukoni mwa Bwawa Kuu. Ndovu aliongoza. Kiboko alikaa mbele, amepakwa mafuta, macho nusu yamefumbwa, kama aliyekwisha kutawala na sasa anangoja tu taratibu zimfikie. Msemaji wake alikuwa Kasuku.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza Kasuku, "Liwali aliikuta Mikindu haina lango. Leo ina lango. Aliukuta uongozi uko mbali na wananchi. Leo mwananchi hawezi hata kunywa maji bila kumwona kiongozi wake."

Makofi yalipigwa.

Twiga aliinua shingo. "Tumesikia fununu kuhusu afya ya watoto huko Mikindu. Sisemi ni kweli. Nauliza tu ili iingie kwenye kumbukumbu kwamba niliuliza."

"Nakushukuru kwa swali hilo, Mheshimiwa. Idadi ya watoto wagonjwa Mikindu imepungua sana."

Hilo lilikuwa kweli. Kanga alilisikia akiwa amesimama na kibuyu chake, akafikiria vichaka vya mikindu, akaona kwamba Kasuku hakudanganya hata neno. Alitegemea kupandwa na hasira. Haikuja. Alihisi uzito wa kibuyu shingoni, basi.

"Sasa tupime," alisema Ndovu.

Akachovya ncha ya mkonga. "Tamu."

Twiga akalowesha midomo. "Tamu. Ingawa mimi, kwa shingo hii, majibu kamili huchelewa kunifikia." Wakacheka kwa heshima.

Mbuni akagusa kwa mdomo. "Tamu mno."

Kibuyu kikafika kwa Kobe, mjumbe mkongwe ambaye wengi walidhani amelala tangu msiba. Kobe akakiinamisha, akanywa. Akameza. Mlio wa kumeza ulisikika ufukoni kote, na Mbuni akageuza uso kwa aibu.

"Maji haya hayana mto ndani yake," alisema Kobe polepole. "Mto, hata uwe safi namna gani, una mchanga kidogo, una majani. Haya yametoka mawinguni. Mama, uliyateka wapi?"

Kiboko alifumbua jicho moja.

Ilikuwa rahisi kujibu. Neno moja lingetosha, na Kanga alikuwa nalo mdomoni tayari. Lakini nyuma ya neno hilo alimwona Kiboko akishuka mlima kurudi Mikindu, akiingia dimbwini na uzito wake wote, na Kitone akiwa ukingoni anangoja kunywa.

"Mtoni, mzee," alisema. "Mtoni kwetu."

Ndovu akakohoa.

"Mheshimiwa Kobe, kama ulikuwa na kiu ungetuambia. Ungeletewa maji ya kwako pembeni." Kicheko kikaenea, cha nafuu zaidi kuliko cha furaha. Kilichowasumbua wajumbe kilikuwa kule kumeza. Swali lenyewe lilikwisha kusahaulika kabla kicheko hakijaisha. Kiboko akapitishwa, na Kasuku akaanza kupiga kelele za shangwe kabla ya mwenyekiti kumaliza sentensi.

Wajumbe walipotawanyika, Kobe alimfuata Kanga njiani kwa mwendo wake.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningesema, mzee, mngemrudisha kwetu."

"Nani angemrudisha? Wale hawajameza maji ya mtu tangu enzi za babu zao. Ungeleta tope la dimbwini wangesema tamu."

"Kwa hiyo ilikuwa bure."

"Mimi nilikuwa nimemeza," alisema Kobe. "Ungeniambia mimi, ningekuwa na neno la kusimamia. Wangenizomea, najua. Lakini lingekuwepo."

Akaingiza kichwa ndani ya gamba. Kanga akaendelea kuteremka. Katika baraza zima alikuwa amemdanganya mmoja tu, yule aliyeuliza.

Kiboko akaingia Bwawa Kuu. Kule Mikindu, dimbwi likapumua. Tope likazama, kokoto zikaonekana tena, kikohozi cha Kitone kikapungua na manyoya yake yakaanza kujaa. Wakazi walipongezana kwa sauti ya chini. Ngiri alitembea kifua mbele siku nyingi, na kusema kweli sikumlaumu, maana hata mimi ninayesimulia ningefurahi.

Halafu mto ukabadilika rangi. Haukubadilika kwa ghafla. Kwanza povu kidogo asubuhi, kisha harufu, kisha ile rangi ya kahawia waliyoijua. Safari hii ilishuka mito yote mitano, na majimbo ambayo hayakuwahi kumsikia Kiboko yakaanza kuchimba makaburi madogo.

"Si mabaya kama ya zamani," alisema Ngiri.

"Si mabaya kama ya zamani," alisema Swala.

Mwaka ulipotimia, Kasuku, sasa Waziri wa Mito, alizunguka majimboni kupokea shukrani. Alipofika Mikindu alikaa juu ya lango la mawe, ambalo lilikuwa limepakwa chokaa upya, akawaambia wakazi kwamba Mfalme, kwa mapenzi yake, ameamua kuwashirikisha wote katika ile heshima iliyokuwa ya baraza peke yake. Kuanzia leo kila mkazi atayapima maji ya himaya kwa mdomo wake mwenyewe.

Wakapangwa ukingoni. Ngiri akainama, akalowesha midomo. "Tamu." Swala akalowesha. "Tamu." Hakuna aliyewafundisha, adabu ile ilikuwa imeteremka mlima pamoja na maji.

Zamu ya Kanga ilifika. Alitazama juu, akaona mdomo wa Kasuku ukiwa wazi tayari kurudia chochote atakachosema. Angeweza kusema. Mara ya pili sasa, angeweza. Alishusha kichwa, maji yakamgusa mdomo, hakumeza.

"Tamu," alisema.

Kitone, aliyekuwa kando yake, alimsikia mama yake akisema tamu. Akainama, akanywa mpaka akashiba.