Wa Kumwita Nyaguthii

"Ni nani anayerudi?" Mama Amalie aliniuliza, macho yake kwenye tumbo langu.

Nilikuwa nimepiga magoti nikisugua sakafu ya jikoni, katika nyumba ya wageni ya kanisa huko Vällingby. Ulikuwa mwaka wa 1974, na mimba yangu ilikuwa kubwa. Kiswidi cha huko nilikiokota kwa masikio tu. Yeye alisema Kidenishi, lugha inayokaribiana nacho, polepole, na mara nyingine tukasaidiana kwa mikono.

"Akiwa msichana, ni Wamuyu," nikajibu. "Mama wa mume wangu."

"Alikufa lini?"

"Hajafa. Yuko Nyeri, analima."

Akacheka mpaka akashika meza. "Aliye hai atarudi kutoka wapi? Kwetu aliyekufa hurudi katika mtoto anayepewa jina lake."

Nikamweleza kwamba kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Wa pili ndiye wa mama wa mama yake. Akaacha kucheka.

"Na wewe, unamtaka nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mama yangu, Nyaguthii, alikuwa amekufa mwaka uliopita, akazikwa kabla habari haijanifikia. Mimba zangu za kwanza ziliharibika, na daktari alisema hii iwe ya mwisho. Huyo msichana wa pili hangekuja kamwe. Nilimtaka mama yangu katika huyu, na nilikuwa sijamwambia mtu, hata Kariuki mume wangu. Nilimwambia mgeni huyu, labda kwa sababu alikuwa karibu kuondoka.

Alikuwa ametoka Grinlandi, kwa mkutano wa watu wa kaskazini juu ya ardhi na bahari zao. Yeye ni Inuit, mwenyeji wa asili wa huko, mwanamke wa kwanza wa pwani yao kuingia katika baraza la Grinlandi. Akavuta kiti, akaniambia nami niketi.

"Nilipozaliwa, mwindaji mmoja alikuwa amezama na mtumbwi wake," alisema. "Nikapewa jina lake, Inuk. Amalie ni la ubatizo tu. Mama yake akaniita mwanangu. Akanishonea suruali ya kiume, na wazee wakanipa nafasi kati yao kwenye mgao wa nyama, kwa sababu ilikuwa nafasi yake. Serikali ilipotaka kukifunga kijiji chetu ituhamishie kwenye magorofa ya mjini, wanaume walisema, Inuk aseme. Nikasema. Kijiji hakikufungwa. Baadaye wakanichagua."

Nilijua kuhamishwa. Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni nyumba yetu ilichomwa, tukafungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na shule yangu ikaishia hapo. Lakini sikuyasema hayo. Nilikuwa nikifikiria tu jinsi wafu wa kwao wanavyorudi na kupewa hata kiti.

"Basi mama wa yule mwindaji alifurahi," nikasema.

"Alilia kwa furaha. Mwanangu ameshinda, alisema, na watu wote wakamkumbatia." Mama Amalie akageukia dirisha. "Mama yangu mwenyewe alisimama mlangoni, ameshika sahani ya samaki. Hakuna aliyemkumbatia. Amekufa sasa. Mimi ninayesema mpaka mawaziri wananyamaza, ningetoa kiti changu cha baraza ili aniite mara moja. Amalie. Basi."

Maji ya ndoo yalikuwa yamepoa.

"Kwa hiyo nisimpe jina la mama?"

"Mpe! Ila mwambie mume wako kwa mdomo. Usisimame mlangoni kama mama yangu."

Alisafiri Jumamosi. Mimi nilikaa na maneno yale wiki nyingi, na kila jioni katika nyumba yetu ya Farsta nilifungua mdomo, kisha nikamwuliza Kariuki kama anataka chai.

Mtoto akazaliwa, msichana. Kariuki aliingia wodini akiwa bado na koti lake la karakana.

"Wamuyu amefika!" alisema. "Karibu, mama!"

"Si Wamuyu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Ni Nyaguthii. Hatutapata mwingine, Kariuki. Nampa jina la mama yangu."

Alinitazama kana kwamba kitanda ndicho kilichosema. "Wewe? Wewe unayeogopa hata kumwomba kondakta tiketi?"

"Ndiyo, mimi."

"Mama atasema tumekosa adabu huku Uzunguni."

"Mwambie ni mimi niliyekosa."

Akatoka. Nilisikia viatu vyake vikienda na kurudi kwenye korido. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. Akamwinamia mtoto, akamchunguza muda mrefu.

"Kidevu hiki ni cha mama yangu," akasema. "Hicho hutakibadilisha."

"Sitaki kukibadilisha."

"Haya. Nyaguthii." Akalitamka kama mtu anayeonja chumvi, akanigusa bega, akaenda zamu.

Nikabaki na mtoto. Nikamwita, "Mama." Mama yangu, ulipomwita akiwa shambani, hakuitika mara moja. Alikohoa kwanza, akaegemea jembe, ndipo akaitika. Nikangoja. Mtoto akapiga chafya, akatafuta ziwa kwa mdomo, akanyonya amefumba macho, na kile kidevu kigeni kikitikisika.

Machozi yalinitoka, nikayaacha. Kisha nikamwita tena, Nyaguthii, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni jina lake.