Rangi za Tivii, Rangi za Ng'ombe

Watu wa Garsen wakishika pedi ya gemu hudhani wamenunua na tivii. Mtu akiingia kwenye kibanda changu cha gemu, kabla hata ya salamu ameshafungua kile kifuniko kidogo chini ya kioo, palipokuwa na vidude vitatu vya kuzungusha: mwanga, kontrasti na rangi. Huyu anataka nyasi za uwanja ziwe kijani kama mpunga wa Idsowe, yule anataka jezi nyekundu ziwake moto. Nilikuwa nikiwachapa mikono, wakubwa kwa wadogo, maana kidude kikikatika ni mimi nitakayelia, si wao.

Msumbufu mkubwa alikuwa Nuh, fundi wa kuziba pancha pale stendi, ambaye hakuna aliyemshinda kwenye mpira wa tivii. Msumbufu wa pili, sifichi, alikuwa baba yangu mzazi, Mzee Abduba.

Baba alikuwa amekuja kukaa nami akingoja matope yakauke aweze kwenda Chewele. Maji ya Elnino yalipokuja, ng'ombe wetu walikimbizwa kwenye nchi ya juu, wakachanganyika na wa mzee mmoja wa huko Chewele aitwaye Hirbo. Ugonjwa uliofuata mafuriko ukaua wengi. Waliopona ndio hao waliokuwa kwa Hirbo, na ndio mali yote ya Baba duniani. Hirbo, mtu muungwana, alituma habari: njoo uchague wako. Lakini kuchagua kwetu kuna adabu yake. Mwenye ng'ombe husimama kando mbele ya mashahidi, akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao bila kuwasogelea. Sisi Waorma kila rangi ya ng'ombe ina jina, hata zile ambazo mgeni ataapa ni moja. Ukikosea mmoja utahurumiwa. Ukikosea wa pili utaambiwa rudi nyumbani, kwa sababu asiyejua wake amekuja kutamani wa mwenzake.

Basi kila baada ya sala ya alasiri Baba alikaa kwenye benchi la mlangoni akitazama gemu. Alitazama mpira kama anavyotazama zizi. "Mwekundu amechukua. Sasa mweusi. Mwekundu tena." Wateja walicheka, naye akacheka nao. Mimi nilifurahi kwamba amepata cha kumwondolea upweke.

Halafu inaanza ile kesi yetu. "Mumina, hii kitu yako iko giza. Ongeza."

Naongeza mwanga. Nuh anaruka: "Ah, dada Mumina! Sasa kioo kimekuwa uji. Sijui nani wangu, nani wake!"

Napunguza. Baba anasonya. Naongeza tena. Ilikuwa hivyo mpaka jenereta inaishiwa mafuta, na kichwa kinaniuma kama nimebeba kuni.

Siku moja nikasema hapana, leo naitengeneza hii picha mara moja na yaishe. Nikafika mapema kabla ya wateja. Kwanza niliihamisha meza, kwa sababu jua la mlangoni lilikuwa likipiga kioo moja kwa moja. Refa wa ile gemu amevaa nguo nyeusi, kwa hiyo nikampunguzia mwanga hadi akawa mweusi kweli, kisha nikarudisha kidogo hadi nikaona mkono wake umeachana na mbavu. Kontrasti niliipandisha mpaka bukta nyeupe zikang'aa lakini mikunjo yake haikupotea. Rangi niliishusha taratibu, hadi nyuso za wachezaji zikaacha kufanana na nyanya mbivu. Nilirudi nyuma nikatazama, nikajipenda mwenyewe.

Nuh alipokuja alisimama pedi mkononi, mdomo wazi. "Dada, hii ni kama kuwa uwanjani." Kutoka kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Baba akaingia, akakaa, akatazama. "Giza," akasema.

"Baba, leo hakuna giza."

"Mwekundu amekwenda wapi? Naona weusi tu."

Watu wakacheka. Mimi damu ikanipanda, nikidhani ananifanyia mzaha mbele ya wateja. Nikaenda nikazungusha vidude vyote mpaka mwisho. Wachezaji wakawaka kama makaa, nyasi zikawa na rangi ambayo Mungu hakuiumba, na watu wakaziba macho wakinilaani. Baba peke yake alitabasamu.

"Eeh! Sasa! Yule mwekundu. Yule mweusi. Yule wa mbali, mwekundu." Hakukosea hata mmoja.

Kicheko kikakatika. Nuh akaweka pedi chini polepole. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikifanya pale benchini siku zote hizo. Alikuwa akijifunzia Chewele. Na mimi, kila nilipomwongezea mwanga, nilimsaidia kujidanganya. Jua la Chewele nani angemwongezea?

Nikazima jenereta, nikawatoa watu. Nuh alibaki mlangoni kidogo, akasema kwa upole, "Mzee, Malindi kuna daktari wa macho. Nitaongea na dereva."

"Ng'ombe kwanza," Baba akamjibu.

Tulipobaki wawili nikamuuliza tangu lini.

"Tangu maji. Kwanza nilisema ni mawingu. Halafu nilisema ni tivii. Wewe ukiongeza, mimi naona. Nikajua basi macho iko sawa, kitu ndiyo mbaya."

"Na mbele ya Hirbo ungetaja nini?"

"Wale nawakumbuka."

"Baba, kukumbuka si kuona!" Nilifoka, na machozi yalikuwa yananitoka.

Akasema, "Mwanamume akisema haoni ng'ombe wake, mama, anabaki na nini?" Nilimshika mkono tu.

Tulikwenda Chewele pamoja. Sikujua atafanya nini hadi aliposimama mbele ya mashahidi na kusema, kwa sauti ya kusikika, "Mimi sioni. Huyu binti yangu alikuwa akiwakamua. Yeye atasema." Wakanung'unika, mwanamke kutaja ng'ombe barazani! Hirbo akawanyamazisha, Mungu amlipe. Nikawataja niliowajua. Lakini mitamba waliozaliwa baada ya mimi kuhamia mjini sikuwajua, aliwajua Baba peke yake. Alinieleza kila mmoja kutoka kichwani, rangi kwa rangi, nami nikatazama nikaona wawili watatu wa kufanana na kila alichosema. Niliogopa kukisia nikamfanya baba yangu mwizi. Nikanyamaza, na mitamba wale wote wakabaki kwa Hirbo. Baba hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tuliporudi alitembea nyuma ya ng'ombe na fimbo yake mabegani, kama zamani, nami ubavuni pake. Tulikwenda mwendo mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akagusa mgongo wa aliyekuwa mbele yake.

"Huyu," akauliza, "ni yule mwekundu, au ni yule mweusi?"

"Mweupe, Baba," nikamwambia.