Kahawa ya Mama Rabii

Ofisi ya chama cha haki za binadamu ilikuwa ghorofa ya pili mjini Khalil, juu ya duka la viatu vya watoto, na ukitaka kupanda ilibidi upenye katikati ya akina mama wanaobishana na mwenye duka. Asubuhi moja ya baridi Mama Rabii alipenya, akapanda, akakaa mbele ya meza ya wakili Samahir. Akaletewa kahawa chungu yenye iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Hakuinywa. Alikiweka kikombe mezani, akakunja mikono.

Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mgeni akiweka kikombe chini bila kuonja, ana haja, na hatakigusa mpaka mwenyeji amwambie, "Kunywa kahawa yako." Ukishasema hivyo umeikubali haja yake, hata kama hujaisikia. Hivyo ndivyo mabinti wanavyoposwa, na ndivyo koo zilizomwagiana damu zinavyopatana. Mtu mwenye akili zake huuliza kwanza.

Samahir alikuwa na simu sikioni. Karani wa jeshi la kigeni linalotutawala alikuwa amemwambia asubiri, na wimbo wa kusubirishia ulishaanza upya mara nyingi. Mbele yake kakaa mtu mzima, nje baridi kali, na kahawa inapoa. Adabu ikaitangulia akili.

"Kunywa kahawa yako, mama," alisema.

Kisha akaikata simu mwenyewe. Alikuwa binti wa mji wa Dura, kalelewa katika nyumba ya wasuluhishi, na hakuhitaji kuambiwa alichokifanya. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Umesema, mwanangu," Mama Rabii alimwambia.

"Nimesema, mama."

"Na hujaniuliza nataka nini."

"Sijakuuliza. Haya, niambie."

"Namtaka Rabii."

Rabii alikuwa mwanawe wa pekee. Alipigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani msimu wa kuchuma zeituni, akiwa na ngazi begani, na ngazi hiyo ikasemekana ni silaha. Askari waliuchukua mwili wakauweka katika friji lao, wakakataa kuurudisha. Hapakuwa na jeneza wala tanga. Majirani walifika mlangoni kwa Mama Rabii wakakosa la kusema: wakisema Mungu amrehemu, wanamzika bila mwili, wakisema Mungu amrudishe, wanamdanganya mama yake. Wengi waliishia kuulizia hali ya mbuzi. Kumnyima mzazi hata kaburi la mwanawe ni unyama, na hakuna haja ya kulitafutia neno laini.

"Nitainywa siku utakayomleta," Mama Rabii alisema akiinuka. "Kiache hapo hapo."

Kahawa haikupoa. Kesho yake ilikuwa ikifuka kama iliyomiminwa sasa hivi kutoka kwenye dele, na wiki iliyofuata vilevile. Mkurugenzi Haitham, mtu wa mpangilio, aliagiza mafaili yasiwekwe karibu kwa sababu mvuke ungeyalowesha. Mfagiaji alijifunza kufuta meza kwa kukizunguka kikombe.

Habari zikaenea. Walikuja akina mama wengine ambao wana wao nao walikuwa katika friji lile, kutoka Yatta, kutoka Beit Ummar, na kila mmoja akaweka kikombe chake chini.

"Na mimi niambie ninywe, wakili."

"Siwezi, mama. Hilo moja tu nililosema limenielemea."

"Basi nyamaza, mimi nakiacha. Kwani nyie mmefungua ofisi ya nini?"

Samahir akasogeza vitabu kupisha kikombe. Vikajaa kwenye rafu, vikajaa dirishani. Katikati ya majira ya baridi ofisi ilikuwa na joto la kutosha watu kuvua makoti, na Haitham akawaazima watu wa duka la viatu hita ya chama.

Mahakama ya jeshi iliisikiliza kesi ya Rabii, kisha ikaiahirisha. Upande wa jeshi ulisema mwili huo unaweza kufaa siku moja kwa kubadilishana na kitu kingine, hivyo waongezewe muda wa kufikiri. Safari nyingine ilikuwa sikukuu yao. Safari nyingine hakimu alikuwa mpya, bado anasoma faili. Kila Samahir aliporudi, alimkuta Mama Rabii kwenye ngazi.

"Wamesemaje?"

"Wameahirisha, mama."

"Haya. Umekula?"

Mjumbe wa ubalozi mmoja wa Ulaya alikuja kuviona vikombe. Alikuwa mtu mpole, tena mwenye nia njema. Alivipiga picha, akatandaza kiganja juu ya mvuke, akazungumza kwa muda huku akitikisa kichwa.

"Huyu anasemaje?" Mama Rabii aliuliza.

"Anasema serikali yake ina wasiwasi mkubwa," Samahir alimtafsiria.

"Masikini. Mpeni maji."

Kabla masika hayajaisha askari walipanda ngazi wakiwa na amri iliyosema kwamba chama ni haramu. Walichukua kompyuta na mafaili. Mmoja wao alitaka kukimwaga kikombe cha Mama Rabii, kikamwunguza vidole, akavitia mdomoni na kuviacha vikombe vyote vilipo. Kisha wakachomelea bamba la chuma mlangoni. Ubalozi wa yule mjumbe ulitoa tamko. Wasiwasi wake sasa ulikuwa mkubwa sana.

Haitham aliwaambia wafanyakazi waende makwao, kila mtu ana watoto wa kulea. Hakuna aliyemlaumu, ingawa wapo waliokwepa kukutana naye sokoni. Samahir alileta kiti kutoka nyumbani akakiweka kwenye ngazi, mbele ya bamba, akaendelea kupokea watu. Mvuke ulipita chini ya chuma, na ngazi nzima ilinukia iliki. Wateja wa viatu walipanda na watoto wao kupasha miguu joto, wakasalimia, wakashuka.

Zeituni zilipoiva tena, Mama Rabii alianza kukohoa. Siku aliyokuja mara ya mwisho alipanda akiegemea bega la jirani yake, akapumzika kila ngazi chache.

"Nimekuja kukuachilia, mwanangu," alisema. "Neno lako nakurudishia. Lilikutoka bila kukusudia, nami nilijua."

"Neno halirudi, mama."

"Mwenye haja ni mimi. Nikisema limerudi, limerudi."

"Labda kama ningelisema chinichini. Lakini ulinisikia."

Mama Rabii alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Nyie watu wa Dura vichwa vigumu! Hata kupasua kichwa cha mbuzi wenu lazima mwite fundi wa mawe."

"Ndiyo sisi, mama."

Mama Rabii akamrekebishia shungi lake pale lilipoteleza.

"Basi ukimpata, mfunike vizuri," alisema. "Tangu mdogo hakuweza baridi."

Alifariki kabla kesi haijatajwa tena. Tanga lake lilikuwa kubwa kuliko mtu yeyote alivyotarajia kwa mwanamke wa umri ule. Majirani walikuwa wamekaa na maneno ya kumlilia Rabii muda wote bila pa kuyaweka, wakayasema yote kwa mama yake, na wanaume walilia bila kujificha. Samahir alikaa upande wa wanawake. Kahawa ilipopitishwa aliweka mkono kifuani, akashukuru, hakupokea.

Baada ya tanga alikwenda mahakamani. Hakimu alisoma karatasi iliyo mbele yake, akaonekana kupata nafuu.

"Mwombaji amefariki," alisema, na mkalimani akatafsiri. "Kama hakuna ndugu wa karibu wa kushika nafasi yake, ombi limekwisha. Yupo?"

Hapakuwa na mtu kwenye benchi. Samahir alisimama.

"Nipo mimi."

"Wewe ni wakili. Nauliza una undugu gani na marehemu Rabii."

"Nilimwambia mama yake anywe kahawa yake," alijibu Samahir.

Mkalimani alikuwa askari kutoka vijiji vya milimani kaskazini, ambako nako kahawa huwekwa chini mtu akiwa na haja. Aliitazama meza. Kisha akamgeukia hakimu na kusema kwa lugha ya mahakama:

"Anasema ni dada yake."

Hakimu aliandika: dada. Akafungua kalenda, akaipekua mbele na nyuma, akaiahirisha kesi mpaka baada ya sikukuu.