Uzi Mwekundu Kulia

Saa sita na robo mchana, na gari bado limelalia ubavu uani. Saa nane kamili mama mkwe alitakiwa awe hospitali kusafishwa damu. Zamu iliyopita aliikosa kwa sababu ya gari hilihili, miguu ikavimba hadi viatu vikagoma. Akikosa na hii, Mungu ndiye anajua. Teksi za kawaida hazimfai, maana goti halikunjiki. Gari la mwanawe ndilo pekee linaloshuka chini likamsubiri apande.

Hapo ndipo uzuri ulipogeuka kisirani. Gari lenyewe halina springi. Limekalia mifuko minne ya hewa, na kibloku cha vali, kidogo kama pakiti ya majani ya chai, ndicho kinachougawia kila mfuko hewa yake. Oringi za ndani, vile vipete vya mpira, zilichoka, hewa ikawa inavuja. Mume, ndiye huyo mwanawe, mwalimu wa udereva aliyezoea kufundisha lakini kufundishwa hataki, aliapa atakitengeneza mwenyewe nyumbani. Kitambi kikamkatalia kuingia uvunguni, basi akaingia mkewe, fundi cherehani mwenye vidole vyembamba.

Rangi za mirija ya hewa zilishafutika. "Ya kulia funga uzi mwekundu, ya kushoto mweupe," mume aliamuru, naye akafunga. Kibloku kikatolewa, kikafunguliwa juu ya meza ya jikoni, kikasafishwa, kikavishwa oringi mpya, kikarudishwa.

Mama mkwe alikuwa kibarazani, mkoba mapajani, macho kwa mkaza mwana. Hakuwa akificha kitu yule mama: mwaka mzima aliwaambia majirani kwamba mke wa mwanawe anamhesabia siku.

"Washa," mume alisema. Alikuwa amepiga magoti mbele kushoto, mkono ameupenyeza juu ya tairi, anasikiliza kama kuna panapovuja.

Mke akawasha. Pampu ikanguruma. Upande wa kulia ukapanda, ukazidi kupanda. Kushoto, badala ya kufuata, kukazidi kulala. Bodi ikawa inashukia tairi, na mkono wa mume uko katikati.

"Zima!"

Alizima. Mume aliuchomoa mkono, kiwiko kimechunika, uso umempauka. Alikaa chini kwanza. Kisha akasema kibloku kimekufa, hakuna la kufanya, wataagiza kingine, kitafika wiki ijayo.

"Wiki ijayo mimi nitakuwa wapi?" mama aliuliza.

Mke bado ameshika usukani, na alishajua. Kibloku kilikuwa kizima kabisa. Hewa ya kushoto ilikuwa inakwenda kulia. Miaka kumi na tisa anashona nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje, ambapo upande unaouona kulia ndio kushoto kwa mvaaji. Akili yake hugeuza yenyewe, haingoji kuombwa. Na kule uvunguni, akilitazama tumbo la gari, iligeuza. Gari halivaliwi, lakini iligeuza, na uzi mwekundu ukafungwa kwenye mirija ya kushoto.

Angeweza kunyamaza. Kibloku kimekufa, nani angebisha? Akisema, yule mama amepata ushahidi alioutafuta mwaka mzima, tena pamoja na mkono wa mwanawe uliochunika. Aliogopa, tena sana. Saa ilikuwa sita na dakika hamsini.

Alishuka. "Mama," alisema, akimtazama yeye wala si mumewe, "kosa ni langu. Nyuzi nimezifunga kinyume. Nipeni nusu saa."

Mume alirudisha stendi za chuma chini ya gari huku akimwaga maneno, na mke akayaacha yamwagike. Aliingia, akafungua mirija, akaibadilisha mmoja mmoja.

Saa saba na dakika ishirini gari lilipanda, pembe zote nne sawa, kisha likashuka kumpokea mama.

Mama hakupanda upesi. Alimwangalia mkaza mwana aliyejaa grisi hadi kwenye nyusi. "Huyu nimemzaa mimi," alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu, "na sijawahi kumsikia akisema kosa ni langu. Wewe kaa nami huku nyuma."

Gari lilipotoka getini, akamgeukia. "Sasa niambie. Hizi figo zitapona?"

"Mama, haya si ya kuongelea njiani," mume alidakia.

"Sikukuuliza wewe."

Mke alimshika mkono. "Hazitapona, Mama," alisema. "Lakini leo tutawahi."