Benchi la Karibu na Mlango

Kila jioni, kabla ya kuingia ukumbini, Malkia Tidburga alichuja pombe ya asali kwa kitambaa cha kitani, akafuta mdomo wa pembe ya kunywea kwa upindo wa ushungi wake, kisha akanyoosha mgongo. Pembe ikijaa ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Mfalme hunyweshwa kwanza, kisha mgeni, kisha wazee wa vita kwa ukubwa wao, mwisho vijana. Malkia akimruka mtu, mtu huyo ametukanwa, na watu wamewahi kuuana kwa hilo.

Benchi la karibu na mlango lilikuwa la wafu. Walikuwa kumi na mmoja, wote wa Lindsey, kwao Tidburga, na mkubwa wao alikuwa kaka yake, Osmod. Mumewe, Mfalme Ceolmund wa Mersia, aliwaua kwenye kivuko cha mto miaka tisa iliyopita, ingawa Tidburga alikuwa ameozwa kwake ili ndugu zake wasiuawe. Wiki ileile waliingia ukumbini wamelowa, wakauliza kama kuna nafasi. Ceolmund aliwatazama, akasema wakae, ila chini ya watu wake. Tangu hapo malkia aliwanywesha baada ya wote.

"Hawa wanakunywa kuliko walio hai," alilalamika Dudda, msimamizi wa ukumbi. "Na sakafu haikauki, Bibi. Kila siku natandika nyasi mpya."

"Tandika nyingi zaidi."

"Wangekunywa polepole basi. Wana haraka gani, na hawana pa kwenda?"

Kondoo walipomaliza kukatwa manyoya, alikuja mjumbe wa mfalme wa Wasaksoni wa Magharibi. Jina lake Herebald, mtu mnene, mpole. Alitaka Golde, binti wa malkia mwenye miaka kumi na minne, aolewe kwao ili vita viishe. Ceolmund alikuwa ameshakubali. Tidburga hakuulizwa. Alijua njia moja tu ya kuharibu jambo lile, na njia hiyo ilikuwa mikononi mwake.

Jioni ile alimnywesha mfalme. Kisha akampita Herebald, akawapita wazee na vijana, wakiwemo wanawe wawili, akaenda mpaka mlangoni akampa pembe Osmod.

Wasaksoni waliokuja na Herebald walisukuma sahani zao mbali.

"Dada, umekosea zamu," Osmod alisema kwa sauti ya chini.

"Kunywa tu, kaka."

Osmod akanywa. Maji yalimchuruzika kutoka mkononi yakaingia kwenye pembe.

Herebald aligeuka akalitazama benchi lote, jeraha baada ya jeraha.

"Hawa ni nani?"

"Shemeji zangu," Ceolmund alisema.

"Mliwahi kupatana nao?"

"Tulipatana. Ndipo wakanipa dada yao."

Herebald aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake. "Basi hapa hakuna tusi. Shemeji ni mgeni aliyetangulia. Hata sisi tunao, mabenchi mawili. Sasa seremala anachonga la tatu." Akavuta sahani yake. "Ila sisi wetu tunawaweka karibu na moto. Wanakauka kidogo."

Watu wakarudi kula. Tidburga alijaza pembe upya, akamnywesha Herebald, naye akashukuru.

"Umechoka, mke wangu," Ceolmund alimwambia, bila hasira. "Kesho Golde ashike pembe. Heri ajifunzie hapa kuliko kwenda kuchekwa huko."

Kesho yake Golde alizunguka na pembe, akiibana kifuani kwa mikono miwili. Alipofika kwa vijana, kaka zake walimtania.

"Malkia, mbona unatembea kama bata?"

"Nyamazeni, nitawaruka."

Walicheka. Nguo zao zilikuwa kavu, na mkubwa alikuwa na chembe za mkate kwenye ndevu zake chache. Golde aliwanywesha, akaenda kwa wafu, akawanywesha kumi na mmoja bila kukosea, akarudi kwa mama yake na mikono iliyolowa.

"Mama, lile benchi la tatu la kwao, watakaa kina nani?"

Tidburga aliwatazama wanawe wakigombania mfupa wa nyama. Akampokea Golde pembe, akaifuta mdomo kwa ushungi.

"Ukifika," alisema, "waambie waliweke karibu na moto."